Nani Ambebaye Mwenye Kuhiji?

Kila mwaka inapokaribia tarehe 3 Juni, Wakristo wengi wa Afrika ya Mashariki hujifunga viuno kwenda Namugongo, karibu na mji wa Kampala katika Uganda. Hata huku kwetu Lyamkena, kando ya Makambako, wamo watamanio safari hiyo, nao hutuuliza sisi walimu: "Je, yafaa mtu kama mimi aende?" Swali hili si dogo. Twaona vema kulijibu kwa kituo, maana yale majibu mawili ya haraka yasemwayo na watu, yaani "Nenda tu, Mungu atatoa," na "Baki kwako, hizo ni fedha za kupoteza," yote mawili hayatoshi.

Kwanza tukumbuke mahali penyewe. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaua Wakristo wengi. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 miongoni mwao hukumbukwa hata leo kwa majina yao. Wengi walikuwa vijana watumishi katika nyumba ya mfalme. Mwezi Mei 1886 walihukumiwa huko Munyonyo, ufukoni mwa ziwa, wakatembezwa wamefungwa mpaka Namugongo. Huko, tarehe 3 Juni, wengi wao waliteketezwa kwa moto pamoja na kiongozi wao Karoli Lwanga. Papa Paulo VI aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Leo mahali pale pana kanisa kubwa lenye nguzo 22, na Waanglikana nao wana mahali pao pa kuwakumbukia mashahidi, si mbali na hapo.

Toka Lyamkena hata Namugongo njia ni zaidi ya kilomita 1,500. Mtu hupita Iringa, Dodoma na Singida, kisha huzunguka upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria hata Bukoba na mpakani Mutukula, ndipo afike Masaka na Kampala. Yampasa awe na hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na nauli ya kwenda na ya kurudi, na chakula cha njiani, na mahali pa kulala. Kwa mkulima wa mahindi na viazi jambo hili si mchezo.

Basi wako wasemao kwamba safari za namna hii hazina maana. Wala hao si wajinga. Gregorio wa Nisa, askofu wa karne ya nne, ambaye mwenyewe alikuwa amefika Yerusalemu, aliandika katika barua yake kwamba kuhama mahali hakumkaribishi mtu kwa Mungu. Martin Luther naye, mwaka 1520, aliwalaumu watu waliotumia fedha nyingi kwenda Roma huku wake zao na watoto wao wakiteseka nyumbani. Maneno haya tusiyapuuze, kwa kuwa yana kweli ndani yake: Mungu hakai Uganda zaidi ya anavyokaa Lyamkena.

Lakini mwanadamu si roho tupu. Ana miguu na macho. Mtu ampendaye marehemu baba yake huenda kaburini pake, akapafyeka majani na kusimama kimya, ingawa ajua sana kwamba baba yake hayumo katika udongo ule. Tukimwona hatumcheki. Twajua kwamba upendo hutafuta mahali pa kusimama. Hali kadhalika mtu akisimama pale vijana wale walipokufa kwa ajili ya imani yao, aweza kupata nguvu ambayo hakuipata kwa kusikia habari tu.

Wako wengine wasemao, "Fedha hizo zingefaa zaidi zikipewa maskini." Neno hili ni zuri, lakini tukumbuke ni nani aliyelisema katika Injili. Mariamu wa Bethania alipompaka Bwana marhamu ya thamani kubwa, Yuda Iskariote ndiye aliyeuliza kwa nini haikuuzwa ili maskini wapewe. Na Bwana akamtetea yule mwanamke. Kumbe ziko gharama za upendo ambazo hazihesabiwi kuwa hasara, na mara nyingine uchoyo hujivika kanzu ya busara. Ila tuangalie vizuri: marhamu ile Mariamu aliileta yeye mwenyewe. Hatusomi kwamba alimnyang'anya jirani yake, wala kwamba aliichukua katika riziki ya watoto wa mtu. Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Haitoshi kuuliza, "Je, hija ni njema?" Yatupasa kuuliza pia, "Marhamu hii ni ya nani?"

Ili kuliona jambo hili wazi, tutazame mbali kidogo, kwa watu wa dini nyingine. Katika milima ya Himalaya, kaskazini ya India, liko hekalu la Wahindu liitwalo Kedarnath, katika kimo cha mita zaidi ya 3,500. Theluji hulifunga wakati wote wa baridi, na kila mwaka hufunguliwa kwa miezi michache tu. Toka kituo cha Gaurikund mahujaji hupanda kwa miguu karibu kilomita 16 za njia nyembamba ya mawe. Wenye nguvu hutembea, na wengine hupanda nyumbu. Lakini wako wazee na wagonjwa wachukuliwao na watu: mmoja huketi katika kikapu kilichofungwa mgongoni mwa mchukuzi, mwingine katika machela yenye kuchukuliwa na watu wanne. Mzee huyo akifika juu husema, "Nimehiji." Naye amesema kweli. Lakini miguu iliyopanda ni ya mwingine.

Hatulitaji jambo hili ili tuwadharau wale Wahindu. Kwao, angalau, mchukuzi anaonekana. Mzigo wake unajulikana, anataja ujira wake, na akiona hauwezi hukataa. Sisi tunaosafiri kwa basi tunadhani hatubebwi na mtu, kwa sababu wachukuzi wetu tumewaacha nyumbani. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi.

Tuwahesabu basi wachukuzi hao. Mwezi Juni kwetu ndio mwanzo wa baridi kali, na ndio wakati mahindi yamekauka shambani yakingoja kuvunwa. Mwenye nyumba akiondoka kwa siku kumi au kumi na mbili, mahindi hayamngoji. Mkewe na watoto watayavuna na kuyachukua vichwani, au ng'ombe na wezi watayapunguza. Huyo ni mchukuzi wa kwanza. Tena, mtu akikopa nauli katika kikoba, wadhamini wake wamemweka begani. Asipolipa, watalipa wao. Hao ni wachukuzi wa pili. Tena, mtu akitumia fedha aliyoiweka kwa ajili ya mbolea, mwezi Juni haoni neno, na Julai haoni neno. Mvua zinapoanza Novemba na Desemba hapo ndipo atakapopanda bila mbolea, na udongo wetu hausamehi. Na mwaka unaofuata watoto watakula kidogo, wala hakuna atakayekumbuka kwamba upungufu ule ulianza katika safari takatifu. Hao ndio wachukuzi wa tatu, nao ni wadogo kuliko wote, wala hawakuulizwa.

Bwana wetu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, wapate kujitoa katika wajibu wa kuwatunza wazazi wao. Hakukemea sadaka, alikemea sadaka itolewayo kwa mkono wa mtu mwingine. Kwa ajili hiyo Kanisa la kale huko Ulaya lilimtaka mwenye kuhiji alipe madeni yake na kupatana na adui zake kabla hajashika fimbo. Ndugu zetu Waislamu nao wana sheria kwamba Hija humpasa mwenye uwezo tu, naye aachie watu wa nyumbani kwake riziki ya kuwatosha mpaka arudi. Dini mbili zimekutana katika neno hili, na twaona si bure.

Hapo mtu atajibu, "Mimi nimemwuliza mke wangu, naye amekubali." Vema. Lakini ulimwuliza namna gani? Wako wanaume wamwambiao mke, "Mama Fulani, nimeitwa na Mungu niende Namugongo. Wasemaje?" Mama wa watu atasema nini? Akisema hapana, amekuwa kama mtu ampingaye Mungu. Atainamisha macho na kujibu, "Haya, baba, kama ni Mungu." Ridhaa hii si ridhaa, ni mdomo uliofungwa kwa jina takatifu. Na jambo hili halimhusu mume peke yake. Mama naye aweza kumtangazia mwanawe aliye mjini kwamba amekwisha kuweka nadhiri, na mwana akatuma fedha za kodi ya nyumba kwa kuogopa laana.

Ridhaa ya kweli huombwa kabla ya nadhiri, si baada yake. Mtu na akae na watu wa nyumbani kwake, aweke hesabu mbele yao: nauli ni kiasi hiki, deni ni kiasi hiki, mbolea ni kiasi hiki, na kazi ya mavuno itafanywa na fulani. Kisha aseme, "Nawauliza ninyi. Mkiona haifai mwaka huu, sitakwenda, wala sitanung'unika." Na mtu asiyeweza kulitamka neno la mwisho kwa moyo wa kweli, huyo hajawa tayari kuhiji, hata kama mkoba umekwisha kufungwa. Maana mashahidi wa Uganda walitoa miili yao wenyewe. Haitakuwa heshima kwao kama sisi tukienda kuwakumbuka kwa jasho la wengine lililochukuliwa bila kuulizwa.

Wengine watasema tumeweka masharti magumu, na kwamba kwa hesabu kama hizi maskini hatahiji kamwe. Sivyo. Liko tofauti kubwa kati ya mzigo utwishwao mtu na mzigo ajitwikao mwenyewe kwa upendo. Mwenye kutaka kwenda na aanze mwaka mmoja au miwili mbele, aweke akiba haba na haba, debe moja la mahindi au kuku wawili, bila kugusa fungu la nyumba. Mwaka huo wa kuweka akiba, kulipa madeni na kupatana na jirani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, huo wenyewe ni sehemu ya hija, na labda iliyo kubwa. Tena jumuiya yaweza kuchanga na kumtuma mmoja, hasa mjane au mzee ambaye kwa fedha zake asingefika kamwe. Akichukua huko maombi ya wale waliomtuma, na majirani wakimvunia mahindi yake kwa hiari, basi amebebwa kweli. Lakini amebebwa na watu wanaomjua wanayembeba, nao wanafurahi.

Kuhusu wabakiao tunayo hukumu ya Mfalme Daudi. Watu wake 200 walichoka wakabaki kwenye kijito cha Besori kulinda mizigo, na baadhi ya wale 400 walioendelea na vita hawakutaka kugawana nao nyara. Daudi alikataa, akaweka amri kwamba fungu la akaaye penye mizigo ni sawa na fungu la aendaye vitani. Hivyo tusiwahesabu waliobaki Lyamkena kuwa Wakristo wa daraja la pili. Mama avunaye mahindi katika ukungu wa Juni, ili mumewe au jirani yake asimame Namugongo, fungu lake ni lile lile. Na mwenye kurudi asijivune kanisani kana kwamba amekuwa mtakatifu kwa kupanda basi. Aje kwanza nyumbani, aulize ni kazi gani ziliwalemea, ashike jembe. Ndipo asimulie aliyoyaona.

Basi, ndugu, kwa yule aulizaye kama yafaa aende, jibu letu ni hili: hesabu kwanza wale watakaokubeba. Ukiwaona wote kwa majina yao, na ukiwa umewauliza nao wameweza kukataa lakini hawakukataa, nenda kwa amani, utuombee. Ikiwa yuko mmoja ambaye huthubutu kumwuliza, baki mwaka huu, ukautengeneze moyo wako na nyumba yako. Namugongo haitahama, wala Mungu hatakusahau.