Moshi wa Dani

Nililipwa elfu tatu niandike maneno ya kadi. Hoteli moja hapa Kisumu ilikuwa na usiku wa kuonja wiski, na aliyeandaa alitaka mtu wa kueleza kila glasi kwa Kiswahili kitamu. Tangu niache chuo, mimi huandika chochote kinacholipa kodi ya nyumba. Nikaenda.

Wiski zilikuwa tatu, zote za kisiwa cha Islay, magharibi mwa Scotland: Lagavulin ya miaka 16, Laphroaig ya miaka 10 na Ardbeg ya miaka 10. Undugu wao ni moshi. Islay kuna vinamasi vyenye piti, udongo mweusi wa mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Piti hukatwa kama matofali, hukaushwa, kisha huchomwa kama kuni. Shayiri ikishaota na kuwa kimea, hukaushwa kwa moshi huo, na moshi haumtoki tena mpaka glasini.

Tulifundishwa kuonja bila haraka. Nusa kwanza, mdomo wazi kidogo. Piga funda dogo. Weka tone la maji, nusa tena. Lagavulin ilitanguliza utamu, kama chai nzito ya jikoni la kuni, moshi ukaja nyuma. Laphroaig ilinuka dawa ya kidonda. Ardbeg ndiyo yenye moshi mwingi kwa hesabu, kimea chake hupimwa fenoli karibu sehemu 55 kwa milioni. Lakini kipimo hicho ni cha kimea, si cha kilicho glasini, na mimi niliipata na ndimu na lami, nyepesi kuliko sifa zake. Laphroaig ndiyo iliyonikaba.

"Mnasikia harufu gani?" kiongozi akauliza.

Mmoja akasema moto wa nyikani. Mwingine akasema mbuta wa kukaushwa kwa moshi. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakaandika. Mimi nilisikia leso ya Dani. Nikanyamaza.

Dani ni mama yake mamangu. Anaishi upande wa Ahero, si mbali na mto Nyando. Kwa miaka mingi alipika busaa: unga wa mahindi uliochachishwa na kukaangwa juu ya bati mpaka ukawa kahawia, halafu kimea cha wimbi. Pesa ilipohitajika zaidi alipika chang'aa. Kangara ya molasi kutoka ukanda wa miwa, pipa, moto wa kuni, mrija unaopita kwenye maji baridi, na tone moja moja kwenye mtungi. Karo yangu ya shule ya upili ilitoka kwenye huo mrija. Ya chuo pia, mpaka usiku ule askari walipomwaga kangara na kutoboa pipa. Muhula uliofuata sikurudi.

Shuleni waliniita Moshi. Deski mate wangu aliomba kuhamishwa. Nikaanza kuanika sare kwa jirani, na nikiulizwa Dani anafanya kazi gani nilisema anauza mboga.

Sasa swali. Kama moshi ni ule ule, mbona mmoja unaitwa ladha na mwingine unaitwa uvundo?

Jibu rahisi lipo, na nililibeba karibu wiki nzima: ni pesa tu. Weka moshi kwenye chupa ya maelfu, watu wataandika shairi. Uweke kwenye leso ya mwanamke wa Ahero, watahama deski. Kuna ukweli hapo. Lakini nikilisema hilo peke yake nakuwa mwongo kwa namna nyingine, kwa sababu nayajua mambo mawili.

La kwanza ni sumu. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Dani hakuwahi kutia kitu. Lakini mnywaji angejuaje? Hapakuwa na lebo, wala mtu wa kupima. Alikuwa akinywa jina la Dani tu.

La pili ni mama mmoja aliyekuja getini na mtoto mgongoni, akamwomba Dani asimuuzie mumewe mshahara ukitoka. Dani alisikiliza, akampa mtoto uji. Jumamosi yule mume akaja, na Dani akamuuzia. Mwezi huo nilikuwa na deni la karo la elfu nne. Niliisikia sauti yake nikiwa ndani nasoma.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikasoma historia ya hizo chupa. Waskoti nao walijificha. Pombe yao nyingi ilipikwa mabondeni, watoza ushuru wakiwasaka. Sheria ya 1823 ilipunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka, na mtu akaweza kupika mchana. Mwaka 1915 sheria nyingine iliamuru pombe ikae kwanza miaka 2 kwenye ghala, na mwaka uliofuata ikawa 3. Yaani ule utulivu tunaousifu kwenye Lagavulin ni moshi, ndiyo, lakini pia ni miaka 16 ya pipa kulala mahali bila mtu kuja usiku kulitoboa.

Dani hakuwa na miaka. Alikuwa na saa. Pombe itoke jioni, iishe kabla ya alfajiri, ushahidi usibaki. Kenya ilipiga chang'aa marufuku mwaka 1980 na kuiruhusu tena 2010, kwa leseni na chupa ya kioo yenye lebo. Sheria nzuri. Ila kati ya pipa la Dani na hiyo chupa kuna mtaji ambao hakuna aliyemletea.

Kwa hivyo nimeacha kusema kwamba chang'aa yake ni sawa na Ardbeg. Si sawa. Tofauti yake kubwa iko kwenye muda, na muda ni kitu ambacho watu hupewa au hunyimwa. Na muda nao haumsafishi mtu. Hata huko Islay lazima kuna mke aliyesimama mlangoni, tena chupa yenye lebo nzuri haimtaji.

Kinachonisumbua ni kwamba niliona aibu mahali pasipo aibu. Moshi haukumkosea mtu. Yule mama wa getini ndiye niliyepaswa kumwazia, na kwa miaka yote nilikuwa nawaza sare yangu.

Kwenye kadi ya Laphroaig niliandika kwanza, "Inanuka leso ya nyanya yangu." Nikaitazama, nikafuta mwenyewe, hakuna aliyeniambia nifute. Nikaandika, "Moshi mzito wenye kumbukumbu ya bahari." Walipenda sana. Pesa iliingia kwa simu kabla sijafika stendi, na nikamtumia Dani elfu moja. Alinipigia kuuliza nimepata kazi gani.

Nikamwambia nauza maneno. Kuhusu wiski sikusema kitu.