Imani Isiyobebwa na Mtaa

Mzazi wa Kikristo aliyekulia Bukoba, Bungoma au Bukavu alizaliwa akaikuta imani inamsubiri. Kengele ilimwamsha, kwaya ilifanya mazoezi jirani na kwao, na katekista alimjua yeye, baba yake na babu yake. Kama alisoma sekondari Tanzania, alikuta vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA, TYCS au CASFETA, na Jumapili asipoonekana wenzake waliuliza yuko wapi. Akitaka kwenda kombo ilimbidi ajifiche. Malezi ya dini yalikuwa kazi ya mtaa mzima, na hata mzazi mvivu aliweza kupita salama kwa jasho la wengine.

Hapa Birmingham, Uingereza, hakuna mtaa wa namna hiyo. Katika sensa ya 2011, asilimia 46 ya wakazi wa jiji hili walijitambulisha kuwa Wakristo. Sensa ya 2021 iliwakuta wameshuka hadi asilimia 34, Waislamu wakikaribia asilimia 30, na wasio na dini yoyote asilimia 24. Kijana wetu anayesoma Handsworth, Erdington au Small Heath anaketi darasani na Masingasinga, Waislamu, Wahindu, wasioamini lolote, na wachache wanaokwenda kanisani kama yeye. Hakuna atakayemshangaa akiacha kusali. Akiendelea kusali ndipo anapoulizwa maswali.

Katika jiji kama hili, mazoea hayatoshi na shuruti haifiki mbali. Kijana atabaki na imani akiiona ni ya kweli kwa watu wanaomlea, kisha akiachiwa nafasi aifanye yake. Mambo hayo mawili ndiyo wajibu wa mzazi, na ni mazito kuliko kumvuta mtoto shuka Jumapili asubuhi.

Tuanze na hiyo Jumapili. Mechi nyingi za ligi za watoto na vijana Uingereza huchezwa Jumapili asubuhi, saa zile zile za ibada. Mvulana wa miaka 14 anaitwa kwenye kikosi, na mama yake anamwambia kuwa siku ya Bwana haichezewi. Lakini mama huyo anafanya kazi ya kea katika nyumba ya wazee, na meneja akimpigia Jumamosi usiku kumwambia zamu ya kesho ina malipo ya ziada, anaichukua. Mtoto hasemi kitu, anaweka hesabu. Zamu yenyewe si dhambi: mzee anayehitaji kuogeshwa hangoji Jumatatu, na kodi ya nyumba nayo haingoji. Tatizo ni kwamba mama amejipa sababu, mtoto amempa amri. Angemkalisha mwanawe akamweleza kwa nini yeye huenda kazini, akasikiliza kwa nini mtoto anataka kucheza, huenda wangeafikiana ibada ya jioni, au mechi mbili kwa mwezi. Huenda pia jibu lingebaki kuwa hapana, lakini ingekuwa hapana yenye maelezo, ambayo mtoto anaweza kuondoka nayo na kuitafakari.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wetu hawakukutana nalo. Watoto wa wahamiaji ndio wanaotusomea barua za halmashauri, wanaotujazia fomu na kutufasiria kwa daktari. Wanajua mambo yetu kuliko sisi tulivyojua ya wazazi wetu. Wanajua tumesema tunaishi wangapi nyumbani, na palipoulizwa kipato tumeandika nini. Simu ikiita na mpigaji ni mtu anayetudai, wao ndio tunaowaambia, "Mwambie baba hayupo." Kijana aliyeandika uongo kwa mkono wake siku ya Alhamisi, kwa agizo la baba yake, hataguswa na maombi marefu ya baba huyo Jumapili. Hatabishana naye. Atahitimisha tu kwamba dini ni mavazi ya siku moja, na akifika chuo kikuu atayavua.

Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili. Uamsho ule ulianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Moja ya alama zake ilikuwa kuungama mbele ya wenzako na kurekebisha ulichoharibu: aliyeiba alirudisha, aliyemkosea mkewe alitamka. Yapo mengi ya kuuhoji uamsho huo, lakini jambo hilo tungelibeba hadi huku ugenini. Mzazi anayeweza kumwambia kijana wake, "Mwanangu, jana nilikufokea mbele ya rafiki zako, nisamehe," amefundisha toba kuliko semina ya siku tatu. Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakakasirika. Sisi huzikumbuka sana aya zinazotangulia, zinazowataka watoto watii, kisha tunafunga kitabu.

Sasa nafasi. Makanisa yetu mengi hapa hukodi ukumbi wa shule au ghala katika eneo la viwanda. Ibada ya Kiswahili inakwenda saa tatu, kisha sambusa na salamu. Vijana wanakaa nyuma na simu zao, nasi tunawaona wakaidi. Lakini Kiswahili chao ni cha jikoni: wanaelewa wakiitwa kula na wakitumwa dukani, ila mhubiri akiingia kwenye utakaso na upatanisho wanabaki nje. Wakifikisha miaka 13 tunawapa kazi ya kupiga ngoma, kufunga nyaya na kuendesha projekta, na tunaridhika kwamba wanatumika. Ndivyo mtu anavyoweza kuhudumu miaka mitano madhabahuni bila hata mara moja kuulizwa anaamini nini.

Wanaouliza ni wa nje. Mtaala wa elimu ya dini wa Birmingham wa mwaka 1975 ulikuwa miongoni mwa ya kwanza Uingereza kuzipa dini nyingi nafasi darasani, na ulizua ubishi mkubwa kwa kuingiza hata Ukomunisti. Tangu hapo mtoto wa jiji hili hujifunza dini ya jirani sambamba na yake. Akitoka darasani anakutana na dini hiyo ikiishi. Mwaka 2025, Ramadhani ilianza Machi 1 na Kwaresima Machi 5, na bwalo la chakula la shule nyingi likawa na meza zilizopungua watu mchana. Binti Mkristo wa miaka 15 anamwona rafiki yake Mwislamu akishinda na njaa bila kusukumwa na mwalimu yeyote, anarudi nyumbani na kuuliza, "Mama, na sisi tunafunga nini?"

Swali hilo ni neema. Mama anaweza kulizima kwa kusema wale wana yao na sisi tuna yetu. Anaweza pia kuketi na bintiye wakatazama Kwaresima ni nini, wakaamua kuacha kitu fulani kwa siku 40, na fedha iliyookolewa ikapelekwa mahali wanapogawiwa chakula wasio nacho. Watu wa pwani wamekaa vizazi vingi Mwislamu na Mkristo ukuta kwa ukuta, na wanajua kwamba uchaji wa jirani haukupunguzii wako. Kijana aliyefundishwa kumdharau rafiki yake ili ailinde imani yake amepewa imani dhaifu, na siku akigundua kuwa rafiki huyo ni mwadilifu kuliko shemasi, itavunjika.

Hata sheria za Uingereza zinamhesabu kijana kuwa mtu mwenye kauli. Tangu Septemba 2020, elimu ya uhusiano na jinsia ni ya lazima katika sekondari za England. Mzazi anaweza kuomba mtoto atolewe katika sehemu ya elimu ya ngono, lakini ikibaki mihula mitatu kabla ya kutimiza miaka 16, mtoto mwenyewe anaweza kuchagua kuisoma. Vivyo hivyo, wanafunzi waliovuka umri wa elimu ya lazima na kuendelea na masomo ya juu ya sekondari wanaweza kujiondoa wenyewe katika ibada ya shule. Mzazi aliyeweka tumaini lake lote katika kumtoa mtoto darasani ameshika haki yenye tarehe ya mwisho. Mzazi aliyezungumza na mwanawe kuhusu mwili, mapenzi na heshima kabla mwalimu hajafika hapo hana haja ya kuiogopa tarehe hiyo. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, lakini kijana wa miaka 15 amekwisha kukauka upande mmoja, na anayemkunja kwa nguvu humvunja.

Lipo pia jambo la kusemwa bila kuzungukwa. Wapo miongoni mwetu ambao kijana akiuliza sana, akijitenga au akikojoa kitandani, humwona ana pepo au kindoki, yaani uchawi. Siku ya Krismasi 2010, mvulana wa miaka 15 mwenye asili ya Kongo aliuawa London, baada ya siku kadhaa za mateso, na dada yake na mwenza wa dada huyo waliomtuhumu kwa uchawi. Waliohusika walihukumiwa kifungo cha maisha. Mchungaji anayewaambia wazazi wamlazimishe mtoto kufunga kula au wamchape hadi pepo atoke anawaongoza kwenye jinai, na mzazi anayemtii amelisaliti jukumu alilokabidhiwa na Mungu. Mashaka ya kijana si ugonjwa. Mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba ameanza kuichukulia dini kwa uzito.

Birmingham yenyewe inatupa mfano. John Henry Newman, aliyeishi Edgbaston hadi kifo chake mwaka 1890 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2019, alisimulia kwamba aliongoka kwa mara ya kwanza mwaka 1816, akiwa na umri wa miaka 15. Kutoka hapo hadi kujiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1845 ilipita miaka 29 ya kusoma, kubishana na kubadili mawazo. Ukimtazama akiwa na miaka 20 hungejua atafikia wapi. Mzazi anayetaka mtoto awe ameshamaliza safari yote kabla ya kuhama nyumbani anadai jambo ambalo hata watakatifu hawakuliweza.

Na kwetu, kanisa la Uganda lilipandwa kwa damu ambayo sehemu yake ilikuwa ya vijana. Kizito, mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, alikuwa na miaka kama 14 alipochomwa moto Namugongo, Juni 3, 1886, pamoja na Karoli Lwanga aliyembatiza siku chache tu kabla. Simulizi yake hutumiwa kuwaambia vijana wawe jasiri. Wazazi wangeisoma kwa upande wa Lwanga: mkubwa aliyewalinda wadogo dhidi ya mwenye mamlaka aliyewataka kwa ubaya, na ambaye hakuwatuma mahali asikokwenda mwenyewe.

Imani ya kijana inahitaji pia kazi nje ya milango ya kanisa. Januari 2003 wasichana wawili waliuawa kwa risasi za magenge hapa Birmingham, usiku wa sherehe ya mwaka mpya. Askofu wa Kianglikana wa jiji wakati huo alikuwa John Sentamu, Mganda aliyekuwa hakimu kwao kabla ya kuikimbia nchi enzi za Idi Amin. Naye alijua kazi ya nje ya milango ya kanisa: kabla ya kuja Birmingham alikuwa mmoja wa washauri wa uchunguzi wa kifo cha Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa kwa ubaguzi London mwaka 1993. Vijana wetu wanaishi na hofu ya visu na wanapoteza wenzao wa shule. Wakiona kanisa linajua kukemea urefu wa sketi lakini halina neno juu ya mwenzao aliyezikwa wiki iliyopita, watajua tunachokijali.

Desturi yetu ina nyenzo ambazo hatuzitumii. Kila mtoto aliyebatizwa Kikatoliki, Kilutheri au Kianglikana ana wasimamizi, baba na mama wa ubatizo, ambao wengi wao kazi yao imeishia kwenye picha ya siku ile. Warudishwe kazini. Kijana wa miaka 15 ana mambo ambayo hatamwambia mama yake kamwe, na ndiyo maana binti wa pwani alikuwa na somo, mwanamke wa kumfunda. Msimamizi anayempigia simu, akamtoa kwenda kula kuku wa kukaanga, na kumsikiliza bila kupeleka habari nyumbani, ameziba pengo ambalo mtaa ulilijaza zamani. Kanisa nalo liwape vijana saa moja kwa Kiingereza, lugha wanayofikiria nayo, na mtu mzima anayejua kusema "sijui, tutafute."

Wapo watakaoondoka hata baada ya hayo yote. Mzazi asikate mguu wao nyumbani na asiwatangaze mbele ya waumini, kwa kuwa wengi hurudi mahali walikoheshimiwa. Lakini kabla baraza la wazee halijakaa tena kulalamika kwamba vijana wamepotea, lichukue orodha ya vijana wa kanisa na kujibu kwa kila jina: huyu amewahi kuulizwa na nani anaamini nini, na nani aliketi akamsikiliza hadi mwisho? Pale pasipo na jibu, kazi ya kwanza ni ya wakubwa.