Bahati, Shukrani na Nyumba ya Jirani

Watu husema neno "bahati" mara nyingi kwa siku moja. Mvua ikinyesha baada ya mbegu kutiwa udongoni, ni bahati. Mtoto akipona homa, ni bahati. Msafiri akifika mtoni na kukuta daraja halijachukuliwa na maji, ni bahati. Neno hilo ni jepesi mdomoni, wala halina ubaya lenyewe. Lakini siku ya msiba hugeuka kuwa zito, maana bahati ya mmoja husikiwa na masikio ya mwingine aliyeikosa. Hapo huzuka swali ambalo kila anayejiandaa kwa ubatizo yampasa kulifikiri: mtu aliyeokoka ashukuru namna gani mbele ya jirani aliyepotelewa? Tena, yule aliyepotelewa na yote ana jambo gani la kushukuru?

Swali hilo laeleweka vizuri zaidi likiwekwa mahali panapojulikana. Kaskazini ya mji wa Goma, karibu na ziwa Kivu, unasimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470 hivi. Ni mlima wa moto. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka, na mto wa mawe yaliyoyeyuka, yaani lava, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaunguza na kanisa kuu la mji. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Ilikuwa Jumamosi jioni, mkesha wa Pentekoste. Safari hii lava haikufika kati ya mji. Ilisimama pembeni, upande wa Buhene, lakini baada ya kumeza nyumba elfu kadhaa, na watu wapatao 30 wakafa. Pale iliposimama, mwamba mweusi ulibaki kama mpaka wa shamba. Upande huu nyumba ilisimama na mlango wake. Upande ule hapakuonekana hata kizingiti.

Na uwekwe sasa mfano wa wanawake wawili, majirani wa miaka mingi, waliokaa mahali pa namna hiyo. Alfajiri ya Pentekoste wanarudi kutazama. Nyumba ya wa kwanza ipo. Nyumba ya wa pili haipo. Yule wa kwanza ainua mikono na kusema kwa sauti: "Asante, Mungu wangu, umetukumbuka!" Yule wa pili ameketi juu ya furushi lake la nguo, amesikia. Auliza polepole, bila hasira: "Na mimi, mama, alinisahau?"

Yule wa kwanza ashusha mikono yake, akakosa jibu.

Yafaa kuchungua kosa lilikuwa wapi. Kumshukuru Mungu hakukuwa kosa. Mtu anayeona nyumba yake imesimama, naye alitazamia kukuta majivu, angekuwa na moyo wa jiwe kama asingeshukuru. Kosa lilijificha ndani ya neno moja dogo, "umetukumbuka." Kwa neno hilo shukrani ilipimwa kwa hasara ya mwingine. Maana kama nyumba iliyosimama ni dalili ya kukumbukwa, basi nyumba iliyoungua ni dalili ya kusahauliwa. Hatua moja zaidi, na watu huanza kunong'ona: "Labda yule alikuwa na dhambi ya siri. Labda kuna uchawi nyumbani mwake." Hivyo aliyepotelewa na nyumba hupotelewa na jina jema pia.

Yezu mwenyewe aliulizwa habari za namna hiyo. Palikuwa na mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Alikataa kabisa fikira kwamba wale 18 walikuwa wabaya kuliko wakaaji wengine wa Yeruzalemu. Hakusema walikuwa na kosa gani. Aliwageuza waliosikia wajitazame wenyewe. Tena alisimulia habari za Mfarisayo aliyekwenda hekaluni kusali. Mtu yule alianza kwa shukrani, lakini jambo aliloshukuru lilikuwa kutofanana na watu wengine, wala na mtoza ushuru aliyesimama mbali. Sala yake ilikuwa na neno la asante, lakini haikumpatia haki mbele ya Mungu. Kwa hiyo si kila asante ni shukrani. Kuna asante iliyo majivuno, nayo huvaa nguo za sala.

Mtu mwingine akisikia hayo atasema: "Basi, heri kunyamaza. Dunia ni kama mchezo wa kutupa kete. Leo wewe, kesho mimi. Hakuna wa kushukuriwa." Neno hilo lina sura ya hekima, lakini linasahau mambo mengi yanayoonekana kwa macho.

Wanawake wale wawili walipita siku ile ya Pentekoste bila kufa njaa wala kiu. Goma imejengwa juu ya mwamba wa lava za zamani, na kuchimba kisima pale ni kazi ngumu sana. Ndiyo sababu watu wengi huteka maji ziwani na kuyapandisha mjini katika madumu. Maji waliyokunywa asubuhi ile yalibebwa na mgongo wa mtu. Mchana walipewa ugali na sambaza wachache. Samaki hao wadogo hawakuwamo katika ziwa Kivu hapo zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960, wakatiwa majini, wakazaana mpaka wakawa chakula cha maskini na tajiri. Wavuvi huwatafuta usiku kwa mwanga wa taa, na wanawake huwaanika juani. Mtu anayekula sambaza leo hamjui aliyebeba samaki wale wa kwanza, wala mvuvi aliyekesha jana, wala mama aliyewageuza juani wasioze. Yeye huona bakuli tu, akasema: "Leo nina bahati."

Sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita bahati ni jasho la mtu ambaye hawakumwona. Shukrani huanza pale mtu anapojitahidi kumwona. Hahitaji mali kwa kazi hiyo, wala hahitaji siku njema. Anahitaji kuuliza swali moja tu mbele ya kitu anachokishika: "Hiki kimepita mikononi mwa nani mpaka kunifikia?" Na akiendelea kuuliza hivyo mpaka mwisho, nyuma ya mikono yote atamfikia yule aliyeumba maji na samaki na mikono yenyewe.

Lakini lipo lalamiko jingine, nalo lastahili jibu la haki. Wako wasemao kwamba kumfundisha maskini kushukuru ni kumziba mdomo. Ni kweli kwamba shukrani imetumiwa hivyo mara nyingine. Bwana asiyelipa mshahara hupenda mfanyakazi mwenye kushukuru. Hata hivyo, shukrani ya kweli haisemi kwamba ubaya ni wema. Baada ya moto wa mwaka 2002, wakaaji wa Goma walivunja mawe ya lava, wakayatumia kwa misingi ya nyumba na kuta za viwanja. Hakuna aliyesema kwa ajili hiyo kwamba lava ni jambo zuri, au kwamba waliopoteza nyumba hawakupoteza kitu. Walijenga kwa kile kilichokuwapo. Vivyo hivyo mtu aweza kushukuru jioni kwa chakula alichopewa, na asubuhi yake akaenda kudai mshahara wake. Tena atadai kwa moyo uliotulia, maana anajua tofauti kati ya kile alichopewa bure na kile anachodaiwa kupewa kwa haki.

Mfano wa wanawake wale wawili haujaisha. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya moto, wakuu waliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamwe upesi, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inatetemeka na hatari haikujulikana mwisho wake. Makundi ya watu walishika njia. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walikwenda upande wa Rutshuru, na wengi sana walikwenda Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi upande wa magharibi. Yule mwenye nyumba alifunga mlango wake, akajitwika godoro, akatembea pamoja na yule asiye na nyumba. Njiani hapakuwa na tofauti kati yao. Wote wawili walikuwa wakimbizi wenye watoto waliochoka.

Sake ilifurika watu, na maji yalikuwa haba. Jioni mama mmoja wa pale aliwafungulia mlango, akatandika mkeka, akaongeza maji katika sufuria ya maharagwe ili itoshe. Hakuwauliza kabila lao. Hakuuliza nani alipoteza nyumba na nani hakupoteza. Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usiku ule yule mwanamke wa kwanza hakulala upesi. Aliona jambo ambalo hakuliona mbele ya nyumba yake. Alikuwa amepokelewa bila kustahili kuliko wengine waliobaki barabarani. Mama wa Sake hakumchagua kwa sababu ya wema wake. Alimwona tu mlangoni. Hapo alielewa kwamba nyumba yake nayo ilisalimika hivyo hivyo. Haikuwa mshahara wa utakatifu. Ilikuwa kitu kilichoachwa mikononi mwake, na kitu kilichoachwa mikononi mwa mtu kina kazi ya kufanya.

Mwezi wa Juni watu waliruhusiwa kurudi. Nyumba ilikuwa ingali imesimama. Safari hii mwanamke hakuinua mikono wala kusema kwa sauti. Alifungua mlango, akasogea pembeni, akamwambia mwenzake: "Mama, nyumba ipo. Ingia na watoto." Maneno hayo hayana neno la asante ndani yake. Hata hivyo, ndiyo shukrani ya kwanza kamili aliyoitoa tangu siku ya moto, na jirani yake aliweza kuisikia bila kuumizwa.

Na yule wa pili, je? Yeye naye adaiwe shukrani? Hapa yampasa mwalimu, mzazi na kila Mkristu kuwa na uangalifu mkubwa. Yobu alipopatwa na misiba, rafiki zake walikuja, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walianza kukosa walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Hakuna mwenye ruhusa ya kumwambia anayelia: "Shukuru, wengine wamepata makubwa kuliko hayo." Neno hilo halimfariji mtu. Linampa tu kazi ya kuficha machozi yake. Shukrani ya aliyefiwa au aliyeunguliwa ni yake mwenyewe, nayo huja kwa saa yake. Huenda ikaja baada ya miezi, jioni moja, akiwa anachambua sombe, aseme kana kwamba anazungumza na majani: "Watoto wote watano wapo." Akisema hivyo, wengine wasiongeze mahubiri. Waitikie tu, "Wapo, mama," na waendelee kuchambua pamoja naye.

Yuko mmoja aliyeshukuru katika usiku mbaya kuliko usiku wote. Yezu, akijua kwamba atatolewa kwa adui zake, alitwaa mkate, akashukuru, akaumega, akawapa wafuasi wake. Hakuuita usiku ule usiku mwema. Baada ya muda mfupi alikuwa bustanini, roho yake ikiwa na huzuni kubwa. Lakini mkate ulikuwa mikononi mwake, na kwa mkate ule alishukuru. Neno Ekaristi latoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Mkatekumeni atakayekaribia altare siku moja ajue mapema mpango wa matendo yale: kutwaa, kushukuru, kumega, kutoa. Mtu anayetwaa na kushukuru, kisha akafunga mkono, ameishia katikati ya njia.

Basi, katika wakati wa shida, wenye nyumba waweza kushika desturi moja ndogo kila jioni kabla ya kulala. Kila mmoja, mkubwa na mtoto, ataje kitu kimoja alichopokea siku ile, na mkono uliokileta: chumvi iliyotoka kwa jirani, kaa la moto, dawa, habari njema, mtu aliyemsaidia kupandisha mzigo. Kisha aulizwe: "Nani hakupata leo?" Swali la kwanza bila la pili huzaa majivuno. Swali la pili bila la kwanza huzaa manung'uniko. Yakiulizwa pamoja, hata nyumba isiyo na akiba itajua namna ya kushukuru, na jirani hatakuwa na sababu ya kuuliza kama amesahauliwa.

Maulizo kwa wakatekumeni

1. Shukrani ya Mfarisayo ilikosa nini?
2. Yule mwanamke alijifunza nini usiku ule kule Sake?
3. Ni kitu gani kilichofika nyumbani mwako juma hili kwa mkono wa mtu mwingine? Nani katika kijiji chako hakukipata?