Kompyuta ya Dola 9

Mei 2015, kampuni changa ya Oakland, California, iliyoitwa Next Thing Co., ilitangaza kwenye Kickstarter kwamba itauza kompyuta kamili kwa dola 9. Ilipewa jina C.H.I.P. Kwa bei hiyo mnunuzi angepata bodi ya kuenea kiganjani yenye prosesa ya gigahezi 1, memori ya megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4, Wi-Fi na Bluetooth. Waliomba wachangiwe dola 50,000. Wakachangiwa zaidi ya milioni 2, na watu wanaokaribia 40,000.

Shangwe ile haieleweki bila kukumbuka bei za wakati ule. Raspberry Pi, iliyotoka Februari 2012, ilikuwa imesifiwa dunia nzima kwa kuuzwa dola 35, na bado memori kadi na kidude cha Wi-Fi ulijinunulia mwenyewe. Arduino ilikuwa imeanza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, baada ya walimu wa chuo cha usanifu kuona wanafunzi wao wanaelemewa na bei ya bodi za BASIC Stamp. Hiyo nayo iliuzwa zaidi ya dola 20, na kazi yake ilikuwa kuwasha taa, kusoma sensa na kuzungusha mota, si kuendesha Linux. Sasa anatokea mtu na kompyuta nzima kwa dola 9! Watu waliagiza tatu tatu, tano tano. Wenye ndoto ya kuunda bidhaa zao waliichora CHIP ndani ya michoro yao kabla hawajaishika mkononi.

Mwaka 2018 kampuni ilifunga milango.

Haikuwa kampuni ya matapeli, na ndiyo maana kisa chake kina faida kwetu kuliko visa vya matapeli. Wengi mno wa waliochangia walipokea bodi zao. Bodi zilifanya kazi. Michoro yake iliwekwa wazi kwa yeyote aitakaye, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Walioiunda walikuwa mafundi hasa, waliokwisha kuunda kamera iliyotumia moyo wa Raspberry Pi na kuona kwamba moyo huo ni ghali mno kwa bidhaa ndogo. Kilichowaangusha kilikuwa ndani ya bei yenyewe, tangu siku ilipotangazwa.

Tuichukue bodi moja tuipigie hesabu. Kuna prosesa. Kuna chipu ya memori, chipu ya hifadhi, chipu ya Wi-Fi na Bluetooth, chipu ya kusimamia umeme na kuchaji betri. Kuna soketi za USB na safu za pini. Kuna bodi tupu yenyewe, yenye tabaka kadhaa za shaba, kuna kulehemu, kuna kupima kila moja kabla haijatoka kiwandani, na kuna zile zinazoshindwa kipimo, ambazo gharama yake hubebwa na zilizofaulu. Kuna vipimo vya mawimbi ya redio, maana bodi yenye Wi-Fi haiuzwi Marekani bila idhini. Kuna kifungashio. Kuna mshahara wa anayejibu barua za wateja. Kuna asilimia 5 ya Kickstarter, pamoja na makato ya kupitisha malipo.

Mafundi wanaouza vifaa vyao wana kipimo wanachokipitisha kichwani: bei ya dukani iwe angalau mara mbili na nusu ya gharama ya kuunda kifaa chenyewe, ikiwezekana zaidi. Pengo hilo si ulafi. Ndilo linalolipa kodi ya ofisi, bodi zinazorudishwa zikiwa mbovu, duka linalotaka faida yake, na fungu lijalo la vipuri, linalolipiwa miezi kadhaa kabla halijauzwa. Gawa dola 9 kwa mbili na nusu. Unapata dola 3 na senti 60, na ndani ya hizo viingie vyote nilivyovitaja hapo juu, prosesa, memori, hifadhi, redio, soketi na kazi ya kiwanda. Watengenezaji wengine wa bodi walihoji hadharani wakati uleule, wakisema vipuri peke yake vinakaribia kuimaliza bei nzima. Jibu la kampuni lilikuwa wingi: tukiagiza chipu makumi elfu kwa mkupuo, bei hushuka.

Wingi hushusha bei, hilo ni kweli. Lakini wingi haukulindi dhidi ya soko, na soko la memori lina mawimbi yake. Kuanzia 2016 hadi 2018 bei za memori na hifadhi zilipanda duniani kote, huku watengenezaji wa simu na wenye vituo vikubwa vya data wakizigombea. Kampuni yenye pengo pana kati ya gharama na bei huumia ikavuka. Isiyo na pengo kila bodi inayotoka inaiongezea hasara, na kadiri inavyopendwa ndivyo inavyozama. Hapa ndipo ninapowaonea huruma. Walipendwa sana.

Lipo jambo lingine ambalo halikuonekana kwenye tangazo. Hifadhi ya CHIP ilikuwa flashi ya aina inayoitwa MLC, ambayo kila seli yake hubeba biti mbili badala ya moja. Ni rahisi kuliko SLC, yenye biti moja kwa seli, kwa sababu eneo lilelile la silikoni linahifadhi mara mbili. Lakini kurasa mbili za data zinapanga nyumba moja: seli zilezile zinashika sehemu ya ukurasa huu na sehemu ya ule. Umeme ukikatika katikati ya kuandika ukurasa wa pili, wa kwanza unaweza kuharibika, hata kama uliandikwa siku nyingi nyuma na hakuna aliyeugusa. Sasa fikiria bodi ya wanagenzi, inayochomolewa na kuchomekwa kutwa. Sehemu ya Linux inayoshughulikia flashi za namna hiyo ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya SLC. Ikabidi Next Thing walipe wahandisi mabingwa wa kiini cha Linux wafanye utafiti na kutunga njia mpya. Senti zilizookolewa kwenye chipu zikarudi kama ankara za wahandisi, na ankara hizo hazikuwemo kwenye dola 9. Mfano uliofuata, CHIP Pro, uliuzwa dola 16 na ukatumia SLC ya megabaiti 512 tu. Mwaka 2018, mwaka uleule kampuni ilipokufa, waandishi wa Linux waliamua sehemu hiyo ya mfumo iikatae MLC kabisa.

Na mnunuzi je? Kwanza, hakulipa dola 9. Bodi ilitoa picha kwa waya wa televisheni za zamani. Aliyetaka kuunganisha skrini ya VGA alichagua kifurushi cha dola 19, na wa HDMI cha dola 24. Bado hajalipia kusafirisha, na bado hana chaja, kibodi wala betri. Adapta ndizo zilizotarajiwa kuleta faida iliyokosekana kwenye bodi. Njia hiyo ya biashara ni halali, ila mnunuzi aijue kabla hajaandika bajeti ya darasa kwa kuzidisha 9 mara idadi ya wanafunzi.

Pili, alibaki peke yake. Programu ya kupakia upya mfumo endeshi kwenye CHIP ilikuwa kwenye tovuti ya kampuni, uliyoifungua kwa kivinjari na kuunganisha bodi kwa USB. Tovuti ilipozimika, bodi iliyoharibika mfumo ikawa haina mganga, hata kama kila kipuri chake ni kizima. Wapenzi wa CHIP waliojitolea ndio waliowahi kunakili mafaili na kuyatunza kwingine, na hadi leo anayeokoa bodi yake anaiokoa kwa fadhila yao. Waliokuwa wameijenga ndani ya bidhaa zao walirudi kwenye karatasi na kuchora upya. Hasara hiyo haikuandikwa kwenye vitabu vya kampuni yoyote, lakini ilikuwa sehemu ya bei ya ile bodi ya dola 9, iliyolipwa baadaye na mtu mwingine.

Mtu asiseme basi kila cha bei ndogo ni mtego. Novemba 26 mwaka uleule wa 2015 ilitoka Raspberry Pi Zero kwa dola 5, na nakala nyingine zilibandikwa kwenye jalada la gazeti lao, The MagPi, bila malipo ya ziada. Bei hiyo ilikuwa na mgongo. Bodi haikuwa na Wi-Fi wala hifadhi. Ilitumia chipu ambayo gharama ya kuibuni ilikwisha kulipwa na bodi za awali. Na nyuma yake walikuwepo wanunuzi wa bodi za dola 35 wanaoendesha nyumba. Hata hivyo kwa muda mrefu maduka yaliuza moja kwa kila mteja. Ukiona bidhaa ya kawaida inagawiwa kwa kipimo, ujue muuzaji hana haraka ya kuuza nyingi kwa bei hiyo. Kwa mwalimu anayetaka 20, bei ya bodi moja moja ni habari tu.

Kuna bei ndogo nyingine ambayo mgongo wake ni wizi. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Glasgow, inayotengeneza chipu za kuunganisha bodi na kompyuta kwa USB, ilitoa draiva mpya iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilipokutana na chipu ya bandia ya FT232RL iliibadilishia namba ya utambulisho kuwa sifuri, kompyuta ikaacha kuitambua. Waliofungua chipu hizo bandia kwa asidi na kuzipiga picha kwa hadubini waliona ndani silikoni tofauti kabisa, chipu ya jumla iliyopangwa iige kazi ya ile halisi, huku juu ya ganda limeandikwa jina la FTDI. Waliodhurika wengi hawakujua kama wamenunua bandia. Walinunua bodi, au waya, kwa bei nzuri. Kelele zilikuwa nyingi na draiva ikaondolewa, na binafsi naona FTDI walikosea kumwadhibu mnunuzi kwa kosa la mwiga chapa. Lakini mnunuzi ndiye aliyekuwa na bodi iliyolala mezani.

Hapa kwetu, anayetembea Luthuli Avenue jijini Nairobi au maduka ya elektroniki ya Kariakoo atakuta bodi zinazoitwa Uno kwa bei mbalimbali, na ni vizuri ajue kutofautisha. Michoro ya Arduino Uno iko wazi, kwa hiyo mtu mwingine kuitengeneza na kuiuza kwa bei ya chini si kosa, mradi asiweke chapa ya Arduino. Nyingi zina chipu ya USB iitwayo CH340, ya Kichina, inayouzwa kwa jina lake yenyewe. Ni rahisi na inafanya kazi, utahitaji tu draiva yake kwenye kompyuta. Hiyo ni bei ndogo yenye maelezo. Isome chipu iliyo karibu na soketi ya USB kwa kioo cha kukuzia kabla ya kulipa. Yenye jina la CH340 inasema ukweli. Bodi ya bei ya chini mno inayodai kubeba chipu ghali ndiyo ya kumuuliza muuzaji maswali.

Anayeagiza mwenyewe kutoka nje aandike hesabu yote kwenye mstari mmoja: bodi, usafiri, ushuru, VAT ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, kisha waya, chaja, memori kadi, na zile zitakazofika zimekufa. Mara nyingi bodi ya dukani mjini, iliyoonekana ghali, inakaribiana na ile ya mtandaoni, na ikiwa mbovu unairudisha kesho yake.

Kwa anayekusudia kuunda bidhaa ya kuuza, swali la kwanza kwa mtengenezaji wa bodi liwe miaka, kabla ya bei. Raspberry Pi hutangaza kwa kila mfano mwaka ambao hawataacha kuutengeneza kabla yake, na karatasi hiyo ina thamani kuliko punguzo la dola 10. Atunze pia nakala ya mfumo endeshi na zana zote za kuupakia kwenye diski yake mwenyewe, na programu yake aiandike kwa namna inayoweza kuhamia bodi nyingine.

Na mwalimu mwenye fedha za bodi 20 anunue 15. Wanafunzi wakae wawili wawili kwenye 12, na 3 zibaki kabatini ndani ya vifungashio vyake. Salio ninashauri liende kwenye waya, sensa, mita ya kupimia umeme na memori kadi nzuri, maana hivyo ndivyo vinavyoisha katikati ya muhula.