Kupanda Kahuzi kutoka Mutarule

Wewe wa Mutarule unayewaza kwenda kuona sokwe wakubwa wa mbuga ya Kahuzi-Biega, anza kwanza na barabara. Luvungi, Kamanyola, kisha milima ya Ngomo, Nyangezi, Bukavu, halafu Miti hadi Tshivanga, penye lango la mbuga. Uliza asubuhi ileile kama njia iko wazi. Habari ya juzi haitoshi. Wakisema vita vimekaribia, rudisha begi ndani.

Njia ikitulia, chukua koti. Sisi wa bonde la Ruzizi tumezoea joto, lakini mlima Kahuzi una mita 3,308, na baridi yake haibembelezi mtu. Na ukiwa na mafua, baki nyumbani. Ugonjwa wetu mdogo unaweza kuua sokwe, ndiyo maana walinzi wanakataza wagonjwa kuwakaribia, na muda wa kuwatazama ni saa moja tu.

Mbuga ilianzishwa mwaka 1970, ikaingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Ukisikia hayo, ulizia pia Wambuti, au Batwa, waliofukuzwa humo bila kupewa ardhi nyingine. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza mwaka 2024 kwamba Kongo iliwakosea. Kwangu mimi, safari isiyosikiliza habari yao ni nusu safari, hata ukipiga picha nzuri namna gani. Watafute vijijini kandokando ya mbuga, nunua asali au kikapu, na usibishane sana bei.