Maji ya Ngarambe na Adabu ya Mtungaji

Je, mtungaji aingizapo pepo au karama katika kisa cha watu waliokuwapo kweli duniani, huwa amewazulia marehemu? Swali hili lina maskani yake Mbagala, wilayani Temeke, ambako Barabara ya Kilwa imewashusha, miaka nenda miaka rudi, Wamatumbi, Wandengereko na Wangindo, ambao wazee wao walipigana Vita vya Maji Maji. Mwaka 1968, wanafunzi wa taarikh wa Chuo Kikuu cha Mlimani walipokwenda kuandika kauli za wazee waliosalia, walisimuliwa habari za kodi na mashamba ya pamba ya Wajerumani, na kwa yakini ile ile wakasimuliwa kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alishikwa na pepo akazama kidimbwini, jamaa zake wakakesha ukingoni, na siku ya pili akaibuka hali nguo zake ni kavu.

Atakayekifuta kidimbwi, akabakiza pamba na kodi, atakuwa amewanyang'anya watu wale itikadi iliyowaunganisha, kwamba maji ya Kinjikitile yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Na atakayezigeuza risasi hizo ziwe maji kweli atakuwa amewadhulumu maelfu waliokufa kati ya 1905 na 1907. Shaaban Robert alipoitundika nchi yake ya kubuni, Kusadikika, angani hakuwa na deni kwa maiti yeyote; lakini atungaye juu ya Ngarambe anadaiwa na makaburi.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alilipa deni hilo kwa insafu: vita vinashindwa kama vilivyoshindwa, nabii mwenyewe anasumbuliwa na shaka, na hata hivyo, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kukana maji, asije akawafanya watoto wa kesho waamini kwamba kupigana kulikuwa kosa.

Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Mtungaji hana elimu nayo ya kuithibitisha wala ya kuikanusha, na kwa hiyo kuitaja kwa sauti ya chini, kupitia macho ya walioishuhudia, si hila ya ufundi bali ni adabu. Kijana wa Temeke atakaye kuandika riwaya ya vita vile na aiache nguo ikauke pasipo kueleza sababu, kisha awahesabu wafu wote.