Uliza Jina la Mche

Wajukuu zangu, juzi jioni niliwasikia kijiweni mkisema ile bustani ya mimea ya Amani ni mali ya Wajerumani, na sasa ni ya wageni wenye kamera. Neno hilo limenikaa kifuani.

Ni kweli, Wajerumani waliianzisha mwaka 1902. Walitaka kujua ni mimea gani ya ng'ambo itakubali udongo wa Usambara: kahawa, mpira, mkwinini, viungo. Lakini waliofyeka, wakachimba mashimo na kumwagilia miche ni wazee wetu, Wasambaa kwa watu wa kuja. Majina yao hayamo kwenye vibao vya miti. Basi mnaposema bustani si yetu, mnawazika mara ya pili.

Waingereza walipoichukua, watafiti wakahangaika na muhogo. Mwaka 1936 mtaalamu aitwaye Storey alieleza ugonjwa wa michirizi kahawia, ule unaokuhadaa: shina limesimama, majani yapo, ukikata muhogo ndani unakuta umekauka na kuoza kahawia, haufai hata kwa nguruwe. Hapa Amani waliuzalisha muhogo kwa kuuchanganya na jamaa yake, mpira wa Ceara, wakapata mbegu zinazostahimili. Kizazi cha mbegu hizo kilifika hadi Nigeria, kikawa msingi wa mihogo iliyoboreshwa ya huko. Kilima hiki chenu kimelisha watu msiowajua.

Na kilima hikihiki kimetuletea mti wa mhesi. Kwao ni magharibi, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Ulipandwa hapa kwa sababu unakua haraka, kisha magogo yalipovunwa msituni na kuacha mapengo, ukayajaza. Kaeni chini ya mhesi jioni matunda yakiiva. Hondohondo wanakuja kwa kishindo, mbawa zinavuma kama mtu anayepepeta mahindi, wanameza tunda zima na kwenda kuangusha mbegu mbali, katikati ya msitu ambao hakuna mtu aliyepanda kitu. Mimi mwenyewe nikiwa kijana niliacha miche ya mhesi iote kwenye shamba langu la iliki, nikifurahia kivuli cha bure. Leo ng'oa, kesho imeota mingine.

Kwa hiyo nawaomba: mche wowote mnaopewa, hata na mradi wenye gari zuri, ulizeni jina lake, kwao ni wapi, na ndege gani anakula tunda lake. Msipojibiwa, msiupande. Na mti wa msambu msiukate kwa mbao. Ni wa kwetu, mafuta ya mbegu zake mama zenu wanayajua, na mkubwa ukishaanguka hamtauona mwingine wa kimo hicho maishani mwenu.

Tangu mwaka 1997 bustani imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia, na vijito vya msitu huu vinaingia mto Sigi, unaojaza bwawa la Mabayani. Ndugu zetu wa Tanga mjini wakifungua bomba, wanakunywa Amani.

Jumamosi, mvua ikikatika, nitakuwa bustanini asubuhi. Njooni na daftari, na wadogo zenu pia. Kila mti nitawatajia kwa Kisambaa kwanza, halafu mtanisomea kibao, maana macho yangu hayaoni tena herufi ndogo.